Uzi: Nyanya ndani ya kitalu nyumba wakati wa kipupwe, kutoka Njombe hadi Limuru

Mwanzisha uzi (Njombe)

Wakulima wenzangu, habari za kazi.

Kila ifikapo Mei huulizwa swali lile lile na watu wa Njombe, Makete, Mufindi na Lushoto: je, mwenye kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kulimia, aendelee na nyanya mwezi wa Juni, Julai na Agosti, au aipumzishe ardhi mpaka joto lirudi? Jibu langu ni kwamba aendelee, ila kwanza aelewe kitalu chake kinafanya nini usiku na hakifanyi nini. Wengi hukifunga mapema jioni, wakakifungua saa nne asubuhi kwa kuamini kwamba wamehifadhi joto, na baada ya wiki chache wanakuta mashina yameota ukungu wa kijivu na majani ya chini yameoza. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba katika kipupwe chetu, maji yanayolala juu ya jani huua nyanya nyingi kuliko baridi yenyewe, na kwamba ustadi wote uko katika kuyaondoa maji hayo bila kulipoteza joto la mchana.

Tuanze na mmea. Nyanya hustawi mchana ukiwa na nyuzi joto 21 hadi 27 na usiku ukiwa na 15 hadi 18. Usiku ukishuka chini ya 13 mara kwa mara, chavua hupungua nguvu na maua mengi hupukutika. Ukishuka chini ya 10, mmea karibu husimama kukua. Kuna na athari nyingine ambayo watu huidhania kuwa ugonjwa. Ua likipigwa na baridi kali lingali tumba dogo, wiki mbili tatu kabla ya kuchanua, huzaa tunda lililokunjamana lenye makovu makubwa kitakoni. Tunda baya unaloliona Septemba huenda liliharibika tangu Juni, na hakuna dawa ya kupulizia itakayolinyoosha.

Baridi pia huchelewesha uivaji kuliko watu wanavyodhani. Vipimo vilivyofanywa katika vitalu vinavyodhibitiwa joto vilionesha kwamba tunda huchukua takribani siku 46 tangu ua kuchanua hadi kuiva kwenye wastani wa nyuzi joto 22, siku 65 kwenye nyuzi 18, na siku 95 kwenye nyuzi 14. Tofauti ya nyuzi nane inaongeza muda maradufu! Mkulima wa Njombe anayepanga soko lake kwa hesabu ya Morogoro atamwahidi mteja nyanya ambazo bado ni za kijani.

Hata hivyo tuna neema moja kubwa, nayo ni jua. Huku Njombe siku fupi kuliko zote mwezi wa Juni ina mwanga wa takribani saa kumi na moja na nusu. Linganisheni na Almería, kusini mwa Hispania, ambako kuna zaidi ya hekta 30,000 za vitalu vya nailoni, vingi vikiwa havina kipasha joto chochote, na ambako siku ya Desemba ina mwanga wa saa tisa na nusu hivi tu. Nao hulisha masoko ya Ulaya majira yote ya baridi. Mwanga tunao wa kutosha. Kinachotusumbua ni kwamba mchana mmoja wa Julai unaweza kufikisha nyuzi 30 na zaidi ndani ya kitalu ilhali nje ni 18, kisha alfajiri ya pili yake ikashuka chini ya 10.

Sasa usiku. Nailoni ya kawaida huzuia upepo, lakini hupitisha kwa urahisi joto linalonururishwa kutoka ardhini na kwenye majani. Usiku wa anga jeupe na utulivu, joto hilo hupaa moja kwa moja, na kwa kuwa hakuna upepo unaoichanganya hewa ya ndani, kitalu kinaweza kuwa na baridi sawa na ya nje, au hata kuizidi kidogo. Anayeweka kipimajoto cha bei ndogo kwenye usawa wa vishada na kukisoma alfajiri ataliona hili mwenyewe. Zipo nailoni zilizotengenezwa kuzuia mnururisho huo, na zipo zinazofanya matone yateleze kandokando badala ya kudondokea mimea. Anayebadilisha paa lake mwaka huu aulizie aina hizo kabla ya kuulizia bei, kwa sababu paa ataishi nalo miaka kadhaa.

Joto la kweli la usiku hutoka kwenye udongo uliopashwa na jua mchana. Hivyo njia za katikati ziachwe wazi zipigwe na jua, na matandazo mazito ya majani makavu yasitandazwe kitalu kizima miezi hii, kwa maana huuzuia udongo usipate joto mchana na usilitoe usiku. Natambua kwamba ushauri huu ni kinyume na ule wa kiangazi.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alishike ni la asubuhi. Tunda na shina vimejaa maji, kwa hiyo hupata joto polepole kuliko hewa. Jua linapogusa paa, hewa hupanda joto haraka, mvuke hutoka kwenye majani na udongo, kisha hukutana na tunda ambalo bado ni la baridi na kugeuka matone juu yake. Saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza ndiyo mara nyingi yenye maji mengi kuliko usiku wote, na ndiyo saa ambayo wengi wetu tunakiacha kitalu kimefungwa "kipate joto". Ukungu wa kijivu hupenda nyuzi 15 hadi 23 pamoja na unyevu wa hewa unaozidi asilimia 90. Bakajani chelewa, ambayo kwa wakulima wa viazi mviringo ni jirani wa kila siku, huhitaji jani lililolowa kwa saa nyingi katika ubaridi wa wastani. Kitalu kilichofungwa mpaka saa nne asubuhi huyapa magonjwa yote mawili kila yanachokitaka.

Utaratibu wangu ni huu. Saa moja hadi moja na nusu asubuhi nafungua matundu ya juu kwa upana wa kiganja ili hewa nzito itoke. Saa tatu au nne, ndani ikikaribia nyuzi 25, nafungua pembeni, upande usiopigwa na upepo kwanza. Saa tisa na nusu alasiri nafunga pembeni jua lingali na nguvu, ila naacha juu pawe wazi kidogo mvuke wa mwisho upite, na jua linapozama nafunga kabisa. Umwagiliaji wa matone naufanya asubuhi tu. Katika kipupwe mche mkubwa hutosheka na lita moja hivi kwa siku yenye jua, na siku ya mawingu pungufu ya hapo. Anayemwagilia jioni anajaza kitalu mvuke kwa usiku mzima.

Kupogoa machipukizi kufanyike kabla ya saa sita, siku kavu, ili kidonda kikauke kabla ya usiku. Chipukizi livunjwe likiwa dogo, bila kuacha kisiki, kwa sababu ukungu wa kijivu huingilia kwenye visiki hivyo na kushuka hadi kwenye shina kuu.

Karibuni tujadili, hasa ninyi mnaolima kwenye baridi za namna nyingine.

---

Mchangiaji (Limuru)

Ndugu mwanzisha uzi, asante kwa maelezo haya. Naomba nieleze hali ya huku, kwa maana baridi yetu si kama ya Njombe. Huku Limuru, kuanzia Juni hadi Agosti, tunaweza kukaa siku nyingi mfululizo bila kuliona jua vizuri. Mawingu hulala chini, manyunyu hushuka asubuhi, na hata ukifungua matundu yote, hewa inayoingia nayo imelowa. Sakitu, yaani umande unaoganda kuwa barafu, si tatizo kubwa kwetu. Shida ni kwamba mimea hurefuka na kuwa myembamba, kishada kinatoa maua mawili matatu yaliyo dhaifu, na majani ya chini yanapata ukungu wa majani, ule wenye madoa ya manjano juu na unga wa rangi ya zeituni chini. Kitalu changu ni cha mita 8 kwa 15, na nimepanda nyanya aina ya Anna F1. Ungekuwa wewe, ungebadilisha nini?

---

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Limuru, umegusa jambo ambalo nililipita haraka mno. Kipupwe kina sura mbili. Huku Nyanda za Juu Kusini, Juni hadi Septemba ni majira makavu yenye anga jeupe, mchana mkali na usiku wa baridi. Kwenu, na kwa kiasi fulani Lushoto, ni majira ya mawingu, ambapo usiku hauwi wa baridi sana kwa sababu mawingu yanarudisha joto chini, lakini mchana nao haupati nguvu.

Kwako wewe mwanga ndio haba, kwa hiyo kila hatua ilenge kuugawa vizuri. Katika mita za mraba 120 wengi hupanda miche 300 hivi, yaani miwili na nusu kwa kila mita. Kwa zao litakalobeba matunda Julai, ningeshuka hadi miche miwili kwa mita, takribani 240, na kila mmoja ningeuachia shina moja tu. Majani yote yaliyo chini ya kishada kinachoanza kuiva ningeyaondoa, mawili au matatu kwa wiki, ili hewa ipite karibu na ardhi. Tafadhali usiyavue yote kwa mkupuo mmoja, kwani mmea wenye mwanga mchache unalihitaji kila jani lililobaki juu. Vishada ningevipunguza hadi matunda manne. Mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni nyingi ningeipunguza na kuongeza potasiamu, maana nitrojeni katika mwanga hafifu huzaa majani laini yanayokaribisha kuvu.

Kama unaweza kusogeza kalenda, pandikiza mwishoni mwa Januari au Februari ili vishada vikubwa viwe vimeshafunga kabla ya Juni. Tunda lililokwisha kufunga huvumilia mawingu. Ua linalotafuta chavua haliyavumilii.

---

Mchangiaji (Makete)

Shikamoo kaka. Mimi ni mkulima mchanga, nina msimu mmoja tu wa nyanya. Huku kwetu sakitu hushuka kweli, na viazi vya nje huungua majani kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Nimeshauriwa mambo mawili: niweke mapipa meusi ya maji ndani ya kitalu yapate joto mchana, na usiku ule wa baridi kali niwashe jiko la mkaa. Naomba ushauri wako kabla sijatumia fedha.

---

Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jiko, kwa sababu linahusu uhai wako. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya kitalu kilichofungwa. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu anayeingia usiku kuangalia mimea anaweza asitoke. Moshi huo una pia gesi ya ethilini, ambayo hata kwa kiasi kidogo hupinda majani ya nyanya na kupukutisha maua, kwa hiyo hata mmea hautakushukuru.

Kuhusu mapipa, tupige hesabu kwa uaminifu. Lita 1,000 za maji zikipoa kwa nyuzi 10 kutoka jioni hadi asubuhi hutoa nishati ya karibu uniti 11 na nusu za umeme, yaani takribani kilowati moja kwa saa kumi na mbili. Kitalu cha mita 8 kwa 15 kina eneo la nailoni la mita za mraba 250 hivi, na ili kukiweka kwenye joto la nyuzi moja zaidi ya nje kinahitaji zaidi ya kilowati moja na nusu. Ina maana mapipa matano ya lita 200 hayakupatii hata nyuzi moja kamili. Kama mapipa unayo tayari kwa ajili ya umwagiliaji, yaweke ndani, upande unaopigwa na jua, kwa faida nyingine: maji yatakayofika kwenye mizizi asubuhi hayatakuwa ya barafu. Kuyanunua kwa ajili ya joto peke yake sikushauri.

Kinachosaidia zaidi kwa fedha kidogo ni tabaka la pili. Funga nyaya ndani ya kitalu, utandaze juu yake nailoni nyembamba au kitambaa chepesi cha kilimo kila jioni, nusu mita au zaidi chini ya paa. Kwa miche midogo, tengeneza matao ya mianzi na kuifunika ndani kwa ndani. Nafasi ya hewa kati ya matabaka mawili huweza kukupatia nyuzi mbili au tatu, na kwa usiku wa sakitu hizo ndizo zinazotenganisha mche hai na mche mfu. Pazia hilo liondolewe asubuhi mapema bila kukosa, kwa sababu ile niliyoieleza juu.

Na ikiwa shamba lako liko kwenye bonde, fahamu kwamba hewa ya baridi hutiririka kutoka mlimani na kutuama chini. Kitalu kilichojengwa mteremkoni, hatua chache tu juu ya bonde, huponea usiku ambao cha bondeni hakiponi.

---

Mchangiaji (Barka, Oman)

Ndugu zangu, nimefuatilia kwa hamu kubwa. Huku pwani ya Batinah mambo yamegeuka kabisa. Majira ya baridi, Novemba hadi Machi, ndiyo msimu wetu wa nyanya, hata za nje, na kitalu ambacho kiangazi huhitaji mafeni na pedi za maji ili kipoe, wakati huo huachwa na nyavu tu pembeni. Usiku wetu mara chache unashuka kiasi cha kuudhi maua. Adui wetu ni nzi weupe wanaoleta ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa manjano, na hao hupenda hali hii kama nyanya inavyoipenda. Je, huko kwenu baridi haiwapunguzi wadudu?

---

Mwanzisha uzi

Huwapunguza, ndugu yangu, na ni faida ambayo mkulima wa nyanda za juu asiidharau. Kantangaze, yule nondo aliyetuingilia Tanzania mwaka 2014, hukamilisha kizazi kwa takribani siku 24 kwenye nyuzi 27, siku 40 kwenye nyuzi 20, na siku 76 kwenye nyuzi 14. Anayemdhibiti Juni, kwa kuokota majani yaliyochimbwa na kuweka mitego yenye harufu ya jike, anapambana na kizazi kimoja polepole badala ya vitatu kwa haraka. Hafi kwa baridi, lakini baridi hutupa muda. Nasikitika kuwaona watu wakiendelea kupuliza viuatilifu kwa ratiba ile ile ya Februari. Ni fedha inayopotea, na kila upulizaji ni kulowesha majani upya.

Nyavu za pembeni zenye matundu madogo sana hupunguza upitaji wa hewa. Mwenye nyavu hizo ahakikishe matundu ya juu ni makubwa, vinginevyo utaratibu wa asubuhi niliouandika hautafanya kazi.

---

Mchangiaji (Iringa)

Mwanzisha uzi, kilimo umekieleza, lakini nakuomba uzungumzie soko bila kutuficha. Kipupwe ndicho kipindi ambacho nyanya za umwagiliaji kutoka Ilula na Ruaha Mbuyuni zinaingia sokoni, na zile hazina gharama ya nailoni. Mwenye kitalu atashindana nazo vipi?

---

Mwanzisha uzi

Kwa bei ya tenga la jumla hawezi kushindana nazo, na asijaribu. Kitalu nyumba hulipa zaidi wakati wa mvua, bakajani inapoyamaliza mashamba ya nje. Kipupwe ninakihesabu kama muda wa kuendeleza zao lililopandikizwa Machi, ili gharama ya miche, kamba na mbolea iliyokwisha kutumika iendelee kurudi, na ili kumshika mteja wa kudumu, kama vile hoteli, shule au duka la mjini, asiyetaka kuhamahama kila miezi mitatu. Aina zinazoendelea kurefuka, kama Anna F1 au Tylka F1, ndizo zinazofaa kwa kazi hiyo. Aina fupi kama Tanya ziachwe shambani, ambako ndiko kwenye mazingira yake.

Kuanzisha zao jipya kabisa Juni katika maeneo ya juu kama Makete sikushauri, labda kwa mtu aliye mbali na barabara ambaye soko lake ni la kijijini na nyanya za Ilula hazimfikii ila zimepondeka.

---

Mchangiaji (Makete)

Asante sana kaka, nimeelewa kuhusu jiko na mapipa. Nina maswali mawili ya mwisho. Majani ya miche yangu yamekuwa ya zambarau upande wa chini, na duka la pembejeo wananiambia niongeze DAP, ile mbolea yenye fosforasi. Pia maua yapo mengi lakini hayafungi, nifuge nyuki?

---

Mwanzisha uzi

Rangi hiyo ya zambarau ni dalili ya upungufu wa fosforasi ndani ya mmea, lakini mara nyingi fosforasi imo udongoni tele na mizizi iliyopoa chini ya nyuzi 15 ndiyo inayoshindwa kuichukua. Kuongeza DAP hakutaipasha mizizi joto. Fukua kidogo uone kama udongo umelowa kupita kiasi, punguza maji, acha jua lifike kwenye tuta, na subiri majani mapya. Yakitoka ya kijani, jawabu umelipata bila gharama. Yakiendelea kuwa ya zambarau hata siku zikipata joto, hapo mwombe bwana shamba akusaidie kupima udongo.

Nyuki wa asali hatakusaidia sana. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani ya mirija na hutoka kwa kutikiswa. Nyuki wa asali hajui kulitikisa ua namna hiyo, ilhali wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa miti mikavu wanajua, ila hawapendi kukaa kitaluni. Fanya mwenyewe: kila baada ya siku moja au mbili, kati ya saa nne na saa saba mchana, gonga waya unaoshikilia kamba za mimea, au tikisa kila kishada taratibu kwa kijiti. Asubuhi mapema chavua imelowa na kugandamana, kwa hiyo utachosha mikono bure. Ua lililochavushwa hunyauka likabaki limeng'ang'ania, na siku chache baadaye utaona kitunda kama punje ya mtama. Lililokosa hugeuka manjano kwenye kifundo cha kikonyo na kudondoka.

Kwa zao lako la sasa, usilikate kichwa mpaka utakapoona vishada vitano vimefunga, na kata ukiacha majani mawili juu ya kishada cha mwisho.